Wilders kapoteza viti 11 Uholanzi: mrengo mkali wa kulia umefika mwisho wake Ulaya?

#1 Mchungulia_Dunia (Dodoma)

Wakuu, salaam. Juzi Ijumaa, tarehe 7 Novemba 2025, tume ya uchaguzi ya Uholanzi ilitoa matokeo rasmi ya uchaguzi wa bunge uliofanyika 29 Oktoba. Chama cha mrengo wa kati cha D66 cha Rob Jetten, kijana wa miaka 38, kimepanda kutoka viti 9 hadi 26. PVV ya Geert Wilders, yule anayepinga Uislamu na wahamiaji, imeporomoka kutoka 37 hadi 26. Bunge lao lina viti 150.

Mimi nasema mrengo mkali wa kulia Ulaya umeshafika kileleni na sasa unateremka. Novemba 2023, Wilders aliposhika namba moja, kila mchambuzi alisema Le Pen anafuata Ufaransa na AfD wanafuata Ujerumani. Huyohuyo kaingizwa serikalini, kashindwa kukaa, kaivunja mwenyewe, na wananchi wamemwadhibu. Watu wa kelele ukiwapa madaraka wanajimaliza wenyewe.

Anayepinga aje na hoja na takwimu. Matusi hapana.

#2 Kipanga_wa_Mwanza

Nimeshakaa mbele kabisa. Wajuzi wa Ulaya njooni.

#3 MwalimuUraia (Morogoro)

Mleta uzi, takwimu zako ni sahihi, ila umehesabu chama ukasahau kuhesabu kambi. Chukua kalamu.

2023: PVV 37, Forum voor Democratie 3, JA21 1. Jumla 41.
2025: PVV 26, JA21 9, Forum 7. Jumla 42.

Kambi nzima imeongeza kiti kimoja. Watu wamehama chumba, nyumba ni ileile. JA21 ya Joost Eerdmans inasema mambo yaleyale kuhusu wahamiaji, ila kwa sauti ya chini na bila kumtukana mtu. Forum ndio wako mbali zaidi kulia kuliko Wilders mwenyewe, na wamepanda kutoka 3 hadi 7. Hapo ndipo unaponiambia wimbi limeisha?

#4 Mchungulia_Dunia

Mwalimu, hesabu nimeiona na siipingi. Lakini vyama vitatu visivyopatana si sawa na chama kimoja chenye viti 37. Mwaka 2023 ilikuwa vigumu kuunda serikali bila kupitia mlangoni kwa Wilders. Leo vyama vikubwa vyote vinakaa mezani bila hata kumpigia simu. Hilo nalo ni anguko.

#5 BintiLamu

Naomba kueleweshwa. Viti 26 kati ya 150 halafu mtu anaitwa mshindi? Kwetu Kenya mgombea urais bila asilimia 50 na kura moja anarudia uchaguzi. Halafu huyu Wilders si ndiye alikuwa waziri mkuu wao akaondolewa?

#6 DadaRotterdam (Rotterdam)

Habari zenu. Naishi huku, uraia nilishachukua, na siku hiyo nilipiga kura. Wacha niweke kumbukumbu sawa.

BintiLamu mdogo wangu, Wilders hajawahi kuwa waziri mkuu. Aliposhinda 2023, vyama vya VVD (wastani wa kulia), NSC (chama kipya cha utawala bora) na BBB (cha wakulima) vilikubali kuungana naye kwa sharti kwamba viongozi wote wanne wabaki bungeni. Akatafutwa mtu asiye na chama, Dick Schoof, aliyewahi kuongoza idara ya usalama wa taifa, akaapishwa Julai 2024. Tarehe 3 Juni 2025 Wilders akawaondoa mawaziri wake kwa sababu wenzake walikataa kusaini orodha yake ya hatua kumi dhidi ya waomba hifadhi. Serikali haikumaliza hata mwaka.

Kuhusu viti 26: huku hakuna majimbo ya uchaguzi, kwamba huyu ni mbunge wa Nyamagana na yule wa Kisauni. Nchi nzima ni jimbo moja. Kura zote zinajumlishwa na kugawanywa kwa 150, na chama kikifikisha kura za kiti kimoja, safari hii kama elfu sabini, kinaingia. Hakuna kizingiti cha asilimia tano kama Ujerumani. Vyama 27 viligombea, 15 vimepata viti. Na hakuna chama chochote kilichowahi kufikisha viti 76 peke yake tangu mfumo huu uanze mwaka 1918. Kila serikali ni ya mseto.

Kituoni unapewa karatasi yenye majina ya wagombea wote wa vyama vyote. Ukiikunjua inafunika meza yote ya kile kijumba cha kupigia kura, na ukimaliza unahangaika kuikunja mpaka ipite kwenye mdomo wa sanduku. Unajaza kwa penseli nyekundu kiduara kimoja tu, mbele ya jina la mtu mmoja. Nilipiga mbili, yangu na ya jirani yangu mzee ambaye miguu inamsumbua. Alisaini nyuma ya kadi yake ya kura akanikabidhi pamoja na kivuli cha kitambulisho chake. Sheria inakuruhusu kubeba kura za watu wawili wengine, ilimradi uzipige pamoja na yako.

#7 BintiLamu

Asante dada. Kumkabidhi jirani kadi yako ya kura! Huku kwetu ndoa ingevunjika, sembuse ujirani.

#8 Nahodha_Tanga

Mleta uzi na Mwalimu wote mnazunguka. Jibu liko kwenye historia ya Wilders mwenyewe.

Mwaka 2010 alipata viti 24 na akakubali kuibeba serikali ya kwanza ya Mark Rutte kutoka nje, bila kuingiza mawaziri. Aprili 2012, kwenye mazungumzo ya kubana matumizi, akatoka. Uchaguzi wa Septemba mwaka huo akashuka hadi 15. Sasa 2025 kaondoka tena, kashuka tena. Mpiga kura wa Uholanzi anaweza kukubaliana na kila neno la Wilders, lakini mtu anayekimbia kazi hamsamehi. Hapo Ulaya haihusiki kabisa. Ni adhabu ya mtoro.

Na baada ya 2012 alirudi: 20 mwaka 2017, 17 mwaka 2021, 37 mwaka 2023. Anayemzika leo asubiri kidogo.

#9 MwalimuUraia

Nahodha, hoja nzito. Niongeze kwamba PVV kisheria ina mwanachama mmoja tu, Wilders mwenyewe. Hakuna mkutano mkuu, hakuna tawi, hakuna kadi. Wabunge wake wote ni watu aliowaweka kwenye orodha. Chama cha namna hiyo hakina mtu wa kumwambia kiongozi "usiondoke".

#10 Kivu_Yetu (Groningen)

Ndugu zangu, mimi ni wa Bukavu, niko huku kaskazini. Mnazungumza hesabu na historia, ni vizuri, lakini hamjagusa kitu watu wa hapa wanazungumza kila siku: nyumba.

Uholanzi inapungukiwa na nyumba takriban laki nne. Kijana wa Kiholanzi mwenye kazi na mshahara anakaa kwa wazazi mpaka umri wa kuoa umempita. Nyumba za bei nafuu za mashirika unajiandikisha na kungoja, na katika miji mikubwa watu wanangoja zaidi ya miaka kumi. Wilders alikuwa anawaambia: nyumba yako kapewa mkimbizi. Sentensi moja, imeisha. Jetten alikuja na kitu kingine: tutajenga miji mipya kumi. Kama itajengwa sijui, lakini kwa mara ya kwanza mtu alijibu swali la nyumba bila kututaja sisi.

Mimi nilipitia Ter Apel, kituo ambacho kila mwomba hifadhi lazima aandikishwe. Agosti 2022 mamia ya watu walilala nje kwenye nyasi kwa sababu ndani kumejaa, hata Madaktari Wasio na Mipaka wakaja kutoa huduma, kazi ambayo hawakuwahi kuifanya ndani ya Uholanzi kabla ya hapo. Nchi tajiri vile. Picha zile zilizunguka, na kila mtu akasoma alichotaka. Mmoja aliona serikali imeshindwa kupanga, mwingine aliona wageni wamezidi. Kura za 2023 zilitoka hapo.

#11 DadaRotterdam

Kivu_Yetu umenena. Ila usisahau Jetten naye kuhusu hifadhi si yule wa zamani. Ilani ya D66 safari hii ilisema maombi ya hifadhi yafanywe nje ya Ulaya, kwa mfano wa Kanada. Miaka mitano nyuma chama hicho kisingethubutu kuandika hivyo. Na kwenye mkutano wake wa ushindi bendera za taifa zilikuwa nyingi, bendera ambazo kwa miaka zilikuwa zimeachiwa kambi ya Wilders, na wakulima waliokuwa wakizipeperusha juu chini barabarani kupinga sheria za kupunguza naitrojeni mashambani.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani kashinda, uliza nani kamvuta mwenzake.

#12 Ssalongo256 (Kampala)

Hapo kwenye "nje ya Ulaya" ndipo na sisi tunaingia. Septemba 2025, pembeni mwa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kule New York, waziri wa mambo ya nje wa Uholanzi David van Weel na serikali ya Uganda walisaini barua ya kusudio. Lengo ni kuanzisha kituo cha mpito hapa Uganda, kwa majaribio, cha watu wa ukanda huu walionyimwa hifadhi Uholanzi.

Uganda tayari inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, kutoka Sudan Kusini, Congo na Sudan. Nchi yenye laki nne za nyumba pungufu inaomba msaada kwa nchi ambayo mgao wa chakula makambini unakatwa kila mwaka. Na waliosaini upande wao hawakuwa watu wa Wilders. Van Weel ni wa VVD, chama kinachoitwa cha wastani, na PVV ilikuwa imeshaondoka serikalini tangu Juni. Mleta uzi, huo mteremko unaousema sisi hatujauona.

#13 Kivu_Yetu

Ssalongo, hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mcongo akikataliwa hapa, apelekwe Kampala, akae kituoni, halafu arudishwe Goma ipi? Goma iko mikononi mwa waasi wa M23 tangu Januari.

#14 MwanaNaivasha

Mimi niko kwenye shamba la waridi hapa Naivasha. Uholanzi kwetu si habari ya kimataifa, ni soko. Tunakata alfajiri, shina linapimwa urefu, linafungwa, linaingia chumba baridi. Usiku linaelekea uwanja wa ndege Nairobi, na mengi yanaishia kwenye mnada wa Aalsmeer. Mholanzi akibana matumizi Februari, huku zamu zinapunguzwa. Sasa naomba kuuliza, hawa D66 ni wa kijani. Wataleta kodi ya ndege na masharti ya dawa za shambani? Maana Wilders alitutukana lakini maua alinunua.

#15 Nahodha_Tanga

Wakenya bwana! Kutaja Uholanzi tu nikajua mtakuja. Nilidhani mngeanzia The Hague, kumbe safari hii mmeanzia kwenye maua.

#16 MwanaNaivasha

Nahodha hiyo ya The Hague tumeshafunga faili. Nijibiwe swali langu.

#17 Msomi_Chole (Leuven)

Nikujibu, ndugu wa Naivasha. Masharti ya dawa na ushuru wa forodha hayaamuliwi The Hague, yanaamuliwa Brussels kwa nchi zote 27. Mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika Julai 2024 na hautegemei nani waziri mkuu wa Uholanzi. Kodi ya ndege ni jambo lingine, ile kila nchi inajipangia.

Hapa ndipo nataka kurudisha uzi kwenye swali lake, maana kichwa kinasema Ulaya. Uholanzi ina watu kama milioni 18, kwenye umoja wenye watu kama milioni 450. Kwa uzito wa kura ni asilimia nne tu. Kwa nini basi kila mtu anaangalia? Kwanza, ni kati ya nchi sita zilizouanzisha umoja huo miaka ya 1950. Pili, inachangia kuliko inavyopokea, na ikikaza mkono wengine nao hukaza. Mwaka 2020 wao, Austria, Denmark na Sweden ndio waliovuta breki kwenye fedha za kujikwamua baada ya korona. Tatu, 2005 walipiga kura ya maoni kuikataa katiba ya Ulaya kwa zaidi ya asilimia 61, siku tatu tu baada ya Wafaransa kuikataa, na katiba ile ikafa.

Serikali ya Schoof iliiandikia Kamisheni ya Ulaya Septemba 2024 kuomba Uholanzi ijitoe kwenye sheria za pamoja za hifadhi. Barua ilifika, ikasomwa, na hakuna kilichobadilika, kwa sababu kujitoa kunataka mkataba wenyewe ubadilishwe na nchi zote zikubali. Hapo ndipo wapiga kura wengi wa PVV walipoahidiwa kitu kisichowezekana. Jetten anataka Ulaya yenye nguvu zaidi, ila VVD wataendelea kukataa madeni ya pamoja. Kwa hiyo msitegemee Uholanzi itageuka Ufaransa kesho asubuhi.

#18 Mswahili_Muscat

Shukrani Msomi. Mimi napinga kichwa cha uzi kwa sababu nyingine. Ulaya haina upepo mmoja. Angalia miezi kumi na minne tu iliyopita:

Austria, Septemba 2024: FPÖ, chama cha mrengo mkali, imekuwa ya kwanza, ikafungiwa nje na vyama vitatu.
Ujerumani, Februari 2025: AfD ya pili kwa asilimia 20.8, ikafungiwa nje.
Romania, Mei 2025: Nicușor Dan kamshinda mgombea wa mrengo mkali.
Ureno, Mei hiyohiyo: Chega, nayo ya mrengo mkali, imekuwa ya pili kwa viti.
Poland, Juni: Nawrocki, mzalendo wa kulia, kachukua urais.
Czech, Oktoba: Babiš, bilionea anayepinga wahamiaji, karudi.

Sasa unachukua Uholanzi peke yake unasema wimbi limeisha? Chagua tarehe nyingine upate jibu lingine.

#19 Mchungulia_Dunia

Mswahili_Muscat, hiyo orodha yako inanisaidia mimi. Austria na Ujerumani walifunga mlango, na kule vyama hivyo vinazidi kunenepa nje vikilalamika vimeonewa. Uholanzi walifungua mlango, jamaa akaingia, akaonekana hana kitu. Mawaziri wake walishindwa hata kupitisha sheria yao kuu ya hifadhi kabla hawajaondoka. Dawa imeonekana ni kuwafungulia.

#20 DadaRotterdam

Hapana, kaka. Hapo lazima nikukatalie. Sisi wenye majina ya Kiafrika na wenye kuvaa mitandio tuliishi ndani ya hiyo "dawa".

2023 kiongozi mpya wa VVD, Dilan Yeşilgöz, ambaye yeye mwenyewe aliletwa huku kama mtoto mkimbizi kutoka Uturuki, alisema kabla ya uchaguzi kwamba hatamfungia Wilders nje. Watu waliokuwa wanaona kumpa Wilders ni kuitupa kura wakaona sasa inafaa. Kura zikahama kwa wiki chache. Mlango ulimpa nguvu kwanza, kabla ya kumwaibisha.

Safari hii VVD, CDA (chama cha Wakristo wa wastani), D66 na muungano wa kushoto wa GroenLinks-PvdA wote walitangaza mapema kwamba hawatakaa naye. Kura yake ikawa haina pa kwenda. Kwa hiyo kushuka kwake kunaweza kuwa ni matunda ya kufunga, wala si ya kufungua. Na kati ya hapo na hapo, tarehe 20 Septemba mwaka huu, kulikuwa na maandamano ya kupinga wahamiaji The Hague. Gari la polisi likachomwa moto, ofisi ya D66 ikavunjwa vioo. Siku ile nilimpigia binti yangu aliyekuwa huko kwa mafunzo ya kazi, nikamwambia asitoke mpaka nimfuate. Gharama hiyo haimo kwenye hesabu ya viti.

#21 Kipanga_wa_Mwanza

Wakuu, tarehe 29 Oktoba ndiyo siku iliyokuwa ya uchaguzi kwetu pia. Mtandao ulizimwa siku hiyohiyo, na uliporudi wiki iliyofuata ndipo nikajua hata kama Uholanzi walipiga kura. Nasoma dada anasimulia penseli nyekundu na jirani anayemkabidhi kadi, moyo unauma. Wenzetu wanasubiri tofauti ya kura elfu thelathini ihesabiwe kwa utulivu, huku kwetu kuna familia bado zinatafuta watu wao.

#22 MwalimuUraia

Pole sana Kipanga. Nami nimefiwa na mwanafunzi wangu wa zamani. Uzi wetu upo kwenye jukwaa la siasa za ndani, tuongee huko kwa heshima ya waliofiwa.

#23 Msomi_Chole

Poleni sana.

Kuna kitu hakijatajwa tangu uzi uanze, nacho kwangu ndicho kikubwa kuliko Wilders: NSC imetoka viti 20 hadi sifuri. Si mbili, si moja. Sifuri, katika nchi ambayo kura elfu sabini zinakupa kiti.

Chama hicho alikianzisha Pieter Omtzigt Agosti 2023. Ni mbunge aliyepata heshima kwa kufukua kashfa ya posho za malezi ya watoto. Makumi ya maelfu ya wazazi waliambiwa ni matapeli, wakadaiwa kurudisha fedha za miaka, mara nyingine kwa kosa la saini moja kukosekana. Wengi walikuwa wenye asili ya kigeni, na kuwa na uraia pacha kulitumika kama alama ya kumtilia mtu shaka. Barua za kodi Uholanzi huja kwenye bahasha ya buluu. Kuna watu waliacha kabisa kuzifungua. Serikali ya Rutte ilijiuzulu kwa kashfa hiyo Januari 2021, miezi miwili kabla ya uchaguzi, halafu Rutte akashinda tena.

Omtzigt akaahidi utawala bora, watu wakampa viti 20. Kisha akaingia serikali moja na Wilders, afya ikamsumbua, akaacha siasa Aprili 2025. Agosti mawaziri wa NSC wakatoka kwa sababu wenzao walikataa hatua kali zaidi dhidi ya Israel. Leo hawapo. Waliokuwa wapiga kura wao, wengi naona wamerudi CDA, iliyopanda kutoka 5 hadi 18 chini ya Henri Bontenbal, mtu mpole ambaye kampeni yake nzima ilikuwa ni kuomba siasa itulie.

Mimi nasoma uchaguzi huu hivyo. Ni watu waliochoka na fujo wanaotafuta mtu mzima, leo huyu, kesho yule. Kulia na kushoto havielezi sana.

#24 Nahodha_Tanga

Msomi, ukisema watu wamechoka na fujo, mbona Forum wamepanda? Kule ndiko kwenye fujo yenyewe.

#25 Msomi_Chole

Viti 7 kati ya 150, Nahodha.

#26 Nahodha_Tanga

PVV nao walianza na 9, mwaka 2006.

#27 Bibi_Kidawa (Unguja)

Wanangu, nimesoma wote. Nilisoma Wageningen zamani kwa ufadhili wa Waholanzi, na mimi naangalia kitu kimoja tu. Serikali iliyovunjika iliamua kupunguza fedha za misaada ya maendeleo kwa euro bilioni 2.4 kila mwaka kuanzia 2027, na ikapunguza bajeti ya vyuo vikuu. Waziri wa misaada alikuwa wa PVV, kaondoka. Je, D66 watazirudisha? Wao walijiita chama cha elimu. Vijana wetu wa kilimo na maji, wa Delft na Wageningen, wanangojea jibu hilo kuliko la nani waziri mkuu.

#28 DadaRotterdam

Shikamoo Bibi. Elimu wameahidi kurudisha. Misaada wanaitetea, lakini VVD nao walitaka ikatwe na bila VVD hesabu ni ngumu. Na jeshi sasa linameza fedha, NATO wamekubaliana asilimia 5 ya pato la taifa ifikapo 2035, na katibu mkuu wa NATO ni huyohuyo Rutte wetu. Nisikudanganye, sina matumaini makubwa.

#29 Bibi_Kidawa

Marahaba mwanangu. Asante kwa kusema ukweli.

#30 BintiLamu

Na wageni wasio raia mnapiga kura huko?

#31 Kivu_Yetu

Ya bunge hapana. Lakini ukikaa kihalali miaka mitano mfululizo, unapiga ya halmashauri ya mji hata bila uraia. Ijayo ni Machi 2026 na mimi nitapiga, mara yangu ya kwanza. Halmashauri ndizo zinazoamua kituo cha wakimbizi kijengwe wapi, kwa hiyo kwangu ni kubwa kuliko hii.

#32 MwalimuUraia

Kivu_Yetu hongera. Sasa wakuu, serikali yenyewe iko wapi? Maana 2021 walichukua siku 299.

#33 DadaRotterdam

Bunge limemteua Wouter Koolmees, bosi wa shirika la reli na waziri wa zamani wa D66, apime nani anaweza kukaa na nani. Hapo ndipo pagumu. D66, CDA, VVD na GroenLinks-PvdA ni 26, 18, 22 na 20, jumla 86. Wanatosha vizuri. Lakini VVD wamesema hawakai na kushoto. Frans Timmermans alijiuzulu uongozi usiku uleule wa matokeo, Jesse Klaver kashika, labda watalegea. Njia ya pili ni kuwaacha kushoto na kuchukua JA21. Jumlisha mwenyewe.

#34 Mchungulia_Dunia

26, 18, 22, 9. Ni 75.

#35 DadaRotterdam

Naam. Nusu kamili ya 150, na wingi ni 76.

#36 MwalimuUraia

Na mleta uzi ujue, hiyo njia ya pili inaingiza serikalini sehemu ya kambi uliyotuambia inateremka.

#37 Mchungulia_Dunia

Mwalimu, JA21 si Wilders. Wangekuwa wadogo kuliko wote mezani, viti 9 kwa 66.

#38 Msomi_Chole

Nyote mnahesabu bunge moja. Kuna seneti ya viti 75, ambako sheria yoyote lazima ipite, na wajumbe wake walichaguliwa na mabaraza ya mikoa mwaka 2023, wakulima wa BBB walipokuwa juu. BBB walipata 16 mle, D66 walipata 5. Hata ule mseto wa 86 haufiki 38 huko. Dada, huko wanasema watafanya nini na hilo?